Mama Anaona Shuka: Kupiga Picha Ufukoni mwa Ziwa Lililoganda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, huu ni mwaka wangu wa pili Brooklyn Park, Minnesota, nafanya kazi ya kutunza wazee zamu ya usiku. Januari hii tulikwenda Duluth kuona Ziwa Superior wakati wa baridi. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili kwa kamera ya mtumba niliyouziwa na rafiki, na nyingine kwa simu. Karibu zote zimetoka za kijivu, na simu ilizima ikiwa na chaji asilimia arobaini. Nilimtumia mama zile zenye nafuu, akanijibu: "Mwanangu, hiyo ni shuka imeanikwa?" Tunarudi huko mwishoni mwa Februari. Nakosea wapi? Na je, naweza kushuka nikatembea juu ya barafu ili nipate picha nzuri zaidi? Halafu nilipofika pale nilijisikia vibaya, na sijui kwa nini.

JIBU: Marahaba, dada. Msalimie mama, na umwambie amenirahisishia kazi. Nimezitazama picha ulizoambatanisha na sina neno la kuzieleza kulishinda lile la kwake. Shuka iliyoanikwa haina pa kushika: jicho linatua, linateleza, linaondoka. Lakini shuka hiyohiyo ikilaliwa usiku kucha, asubuhi ina mikunjo, na kwa mikunjo ile unajua aliyelala aligeuka mara ngapi. Ziwa lililoganda ni shuka iliyolaliwa. Wewe umepiga weupe wake, ukaiacha mikunjo. Nitakueleza inapatikanaje, ila tuanze na ukijivu, maana hilo ni tatizo la vidole tu.

Kamera haijui theluji. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kwa kuamini kwamba ukichanganya vyote vilivyo mbele yako, watu, miti, udongo na anga, wastani wake utakuwa kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Pale mwaloni Kirumba, kwenu Mwanza, kwenye mitumbwi, mizani na majiko, imani hiyo inafanya kazi vizuri. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 na zaidi. Kamera ikiiona inashtuka, inadhani mwanga umezidi, inaubana mpaka weupe ushuke kuwa kijivu. Haijaharibika, imetii ilichofundishwa. Kazi yako ni kuibishia. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze mwanga kwa hatua moja siku ya mawingu, na hatua moja na nusu hadi mbili jua likiwaka na theluji ikiwa imejaa fremu nzima. Kisha fungua ule mchoro wa vilima unaoonyesha mgawanyo wa mwanga kwenye picha. Kilima kikubwa kiwe karibu na ukuta wa kulia bila kuugonga. Kikigonga, theluji yako imeungua, yaani imebaki weupe mtupu, na hakuna programu itakayorudisha kilichoungua. Kwenye simu, gusa theluji kwenye skrini, na kialama cha jua kikitokea kivute juu kidogo. Hapohapo utaona shuka inafuliwa.

Rangi ya buluu kwenye vivuli ni jambo jingine, na hapo naomba usiwe na haraka. Kivuli kwenye theluji hakiguswi na jua, kinamulikwa na anga, na anga ni ya buluu. Kwa hiyo ile buluu ni ya kweli. Wapo wanaoifuta yote kwenye kompyuta mpaka theluji inafanana na unga wa sembe. Mimi huipunguza kidogo tu, kiasi cha mtazamaji kuhisi baridi bila kudhani kamera ina ugonjwa. Ukipiga kwa faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) badala ya JPEG utakuwa na nafasi ya kuamua baadaye, umekaa kwenye joto na kikombe cha chai.

Sasa mikunjo.

Sisi wa Ziwa Victoria tuna mazoea mabaya ya mwanga. Mimi nimekulia Musoma, na nilipokuwa naanza kazi hii nilijifunza kwamba picha ni asubuhi na mapema au jioni, basi. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, vivuli vinajificha chini ya vitu, na nyuso za watu zinakuwa na mashimo badala ya macho. Duluth iko nyuzi 46 na ushei kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, jua linafika nyuzi 20 tu juu ya upeo. Mwishoni mwa Februari mtakapokwenda litafika nyuzi 34 hivi. Maana yake kutwa nzima mwanga unakuja kwa ubavu, na mwanga wa ubavu ndio unaofichua kila mkunjo: nyayo za ndege, tuta la theluji lenye kimo cha kidole, ufa mwembamba kama uzi. Ulipiga picha zako, naona kwa vivuli, ukiwa umelipa jua mgongo. Hapo umejinyima. Simama jua likiwa kushoto au kulia kwako, na ukiona barafu iliyosimama wima kama kigae, mulikisha jua kwa nyuma yake. Itawaka.

Bahati yenu ni kwamba Duluth imekaa kwenye ncha ya magharibi ya ziwa na ufuko wake unatazama kusini-mashariki. Jua linatokea majini. Wakati wenu litachomoza karibu saa moja asubuhi. Mfike saa kumi na mbili na robo, kabla ya mwanga kuwa na rangi.

Ila kabla ya kutoa kamera, tazama kwanza. Barafu ya Superior haifanani na ile ya ziwa dogo la karibu na kwenu. Ziwa dogo linaganda usiku mmoja wa utulivu na kulala hivyo mpaka masika. Superior ina kina cha mita 406 pale penye kina kirefu kabisa, wakati Victoria yetu ni kama mita 80, na kwa eneo ndiyo namba moja duniani kati ya maziwa ya maji baridi, kilomita za mraba 82,000 hivi, Victoria ikiifuata kwa karibu 69,000. (Kwa hiyo umehama kutoka ukingo wa ziwa la pili kwenda jirani na la kwanza, huo ni uhamisho wa heshima.) Maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4. Yanapopoa juu yanazama, ya chini yanapanda, na mzunguko huo unaendelea miezi kabla uso wa ziwa haujakubali kuganda. Ndiyo maana barafu yake hufikia kilele mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na miaka mingine haifiki popote. Mwaka 2014 zaidi ya asilimia 90 ya uso wake uliganda; mwaka 2024 barafu ilikuwa haba kwenye Maziwa Makuu yote. Januari mlikwenda mapema.

Na hata ikiganda, haitulii. Upepo unaivunja, unaisukuma, inarudi. Utando mwembamba ulioganda usiku wa shwari unavunjika asubuhi na kusukumwa ufukoni, vipande vikipanda mgongoni mwa vipande, vingine vyembamba kama kioo cha dirisha, mpaka lundo linapita kimo cha mtu. Sauti yake ni ya kabati la vyombo linaloanguka polepole sana. Pengine mawimbi yanavigonganisha vipande vidogo mpaka vinakuwa mviringo, kingo zimeinuka, vinaelea kama chapati zilizotolewa kwenye kikaango. Usiku ukishuka hadi hasi 20 na zaidi huku maji bado yako wazi, alfajiri ziwa linafuka mvuke kama sufuria, na jua likipita ndani ya mvuke huo utapata picha isiyohitaji ujuzi wowote. Barafu nene isiyo na mapovu huonekana ya buluu kwa sababu yenyewe inameza wekundu wa mwanga. Yenye mapovu mengi huonekana nyeupe. Kila umbo unaloliona pale ni jambo ambalo maji au upepo ulilifanya. Ukiweza kusema kitendo hicho kwa kitenzi kimoja, "yamesukumwa", "yamerukia", "yamepasuka", umepata picha. Ukibaki na "pazuri sana", usibonyeze bado.

Nikupe mfano mmoja. Mwisho wa mji upande wa kaskazini-mashariki kuna ufuko unaitwa Brighton Beach, wenye miamba myeusi ya volkano ya miaka zaidi ya bilioni moja. Asubuhi moja nilikuta jiwe lenye ukubwa wa papai, limefunikwa na barafu ya manyunyu. Kwa mbali lilikuwa donge tu. Nilipopiga magoti nikaona kwamba vijiti vya barafu vilivyoning'inia kwenye ubavu wake havikuelekea chini. Vyote vilikuwa vimelala upande mmoja, kama nywele za mtu aliyekaa siti ya mbele ya daladala dirisha likiwa wazi. Upepo ulikuwa umevishika kila tone likiganda. Chini ya jiwe maji yalikuwa yamepungua na kuacha pango dogo, na ndani ya pango kiulimi cha maji kikawa kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka. Nilikaa pale kama dakika arobaini nikisubiri jua lifike kwenye vile vijiti. Nilipiga picha sita. Fremu nzima haikuzidi upana wa shubiri mbili, hakuna ziwa, hakuna anga, hakuna upeo.

Nikamtumia shangazi yangu Musoma, mama wa kuanika dagaa maisha yake yote, hajawahi kuona theluji wala hana hamu nayo. Alinipigia badala ya kuandika. Hakusema ni nzuri. Alisema, "Upepo ulitokea huku kulia, siyo? Na ulikuwa mkali." Mtu anayeishi kwa kusoma upepo aliusoma kwenye jiwe la Minnesota kwa sababu nilimwachia kitu cha kusoma. Mama yako ni mtu wa Mwanza, usimtilie shaka. Hakushindwa kuelewa picha zako, hukumpa herufi.

Kwa hiyo mara hii punguza. Picha mia mbili ni dalili ya mtu anayetembea. Chagua sehemu moja yenye urefu wa uwanja wa mpira, uimalize. Picha za mandhari pana piga chache, na uweke kitu cha kupimia ukubwa: mtu mwenye koti jekundu, mbwa, au ule mnara wa taa kwenye gati la Canal Park ukiwa umevaa barafu. Bila kipimo, lundo la barafu la mita tatu na lile la sentimita thelathini ni kitu kimoja machoni pa mtu aliye Nyamagana, Mwanza. Na shusha kamera. Wengi hupiga kwa kimo cha macho yao kana kwamba barafu itawainukia.

Kuhusu simu kuzima: haikuwa na kosa. Betri za aina ile, baridi ikizidi, kemikali zake zinapooza na umeme unakwama ndani. Ukiipasha joto, ile asilimia arobaini inarudi. Watengenezaji wengi wa simu hawaahidi kitu chini ya nyuzi sifuri. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, itoke pale tu unapopiga. Betri za akiba za kamera vilevile, na zile zilizokufa usizitupe kwenye begi, zirudishe mfukoni zipate joto. Usizichaji zikiwa bado za baridi. Hapo ndipo zinaharibika kweli. Power bank nayo ni betri, inataka joto hilohilo.

Hatari kubwa kwa kamera iko mlangoni, wakati wa kuingia ndani. Hili nalijua kwa gharama. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilitoka ufukoni nikaingia mgahawa mmoja kunywa kahawa, kamera shingoni. Ndani ya dakika moja lenzi ilikuwa imelowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Nikaifuta kwa shati, nikatoka tena nje, na unyevunyevu uliokuwa umeingia ndani ya lenzi ukaganda hukohuko. Ile lenzi ilibaki na doa mpaka leo. Fanya hivi: ukiwa bado nje, toa kadi ya kumbukumbu uitie mfukoni ili usishawishike, kisha ingiza kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu na uufunge vizuri. Unyevu utatua juu ya plastiki badala ya kioo. Uache hivyo saa moja au mbili mpaka kamera ipate joto la chumba. Na ukiwa unapiga, usipumulie nyuma ya kamera; pumzi yako itaganda kwenye skrini na utaikwangua kwa ukucha kama mimi.

Mikono: glavu nyembamba ndani, na juu yake zile nene zinazofunika vidole vyote pamoja. Hasi 20 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa inakugonga ngozi kama hasi 33, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kidole kikiuma, hiyo ni habari njema, bado kiko hai. Kikiacha kuuma na kuwa cheupe, ingia ndani. Mpiga picha mmoja wa Vermont, Wilson Bentley, ambaye mwaka 1885 alikuwa wa kwanza nchini Marekani kupiga picha ya chembe moja ya theluji kupitia darubini, na akapiga zaidi ya 5,000, alifariki mwaka 1931 kwa nimonia baada ya kutembea kwenye dhoruba ya theluji. Namheshimu mno. Sitaki umfuate.

Swali lako la pili jibu lake ni fupi: usishuke.

Najua umeona pikapu zikipita juu ya maziwa madogo ya huko kwenu na watu wamejenga vibanda wakivua samaki. Barafu ile imekaa mahali pake majira yote, na bado Idara ya Maliasili ya Minnesota inataka angalau sentimita 10 za barafu mpya iliyo safi kabla mtu hajatembea juu yake, na mara mbili ya hapo ikiwa nyeupe, kwa kuwa nyeupe ina nusu ya nguvu. Superior ni habari nyingine. Upepo wa kutoka nchi kavu unaweza kuibeba barafu nzima kwenda kilindini, wewe ukiwa juu yake unatafuta pembe nzuri. Halafu kuna mtego ambao mgeni hauoni: manyunyu na vipande vinajijenga ukingoni mpaka vinafanana na ardhi, vina theluji juu, vina hata nyayo za watu, kumbe chini ni uwazi na maji. Unatoboka kama aliyekanyaga paa la makuti yaliyooza. Wanaofundisha uokoaji wana hesabu ya moja, kumi, moja: dakika moja ya kuituliza pumzi baada ya mshtuko, dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, na takriban saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Dakika kumi ni chache sana kwa mtu aliyevaa makoti mawili. Kanyaga palipo na mwamba au changarawe unayoiona kwa macho yako, vaa vile vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya kiatu, na picha za barafu ya mbali zifuate kwa lenzi.

Umeniandikia mwishoni mwa barua yako kwamba ulipofika pale ulijisikia vibaya na hukujua kwa nini. Nadhani najua. Ziwa la nyumbani halinyamazi. Usiku kuna karabai za wavuvi wa dagaa, kuna redio, kuna mtu anamwita mtu. Ukisimama mbele ya ziwa kubwa kuliko lile na husikii kitu, mwili unadhani kuna msiba. Mimi ilinichukua miaka mitatu kulizoea. Kilichonisaidia ni kuacha kupiga picha kwa dakika ishirini za kwanza, nikakaa tu, na hapo nikagundua kwamba halikunyamaza. Barafu inalia chini kwa chini, inavuma, mara inapiga kishindo kimoja kirefu kinachokimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine. Waojibwe, wenyeji wa huko, wanaliita Gichigami, bahari kubwa. Na sisi neno letu la kale la ziwa, nyanza, lilikuwa la maji makubwa vilevile. Jambo hilo dogo lilinipa pa kuanzia. Kamera yako ina uwezo wa kurekodi video. Ukiweza, mrekodie mama sauti ile, nusu dakika inatosha.

La mwisho, usitoke zamu ya usiku ukashika usukani kwenda Duluth. Ni kilomita kama 250 na barabara ina barafu. Nendeni jioni, mlale huko. Kabla ya kulala angalia utabiri wa upepo: ukiwa wa kaskazini-mashariki, barafu itasukumwa kwenu na asubuhi kutakuwa na malundo, ukiwa wa magharibi, ziwa linaweza kuwa limebaki maji matupu, basi ombeeni baridi kali ili mpate mvuke.

Ukirudi, mtumie mama picha tatu tu, bila maelezo, uone atauliza nini. Akisema shuka tena, nitumie mimi hizohizo tatu.